Programu za Zamani Ndani ya Ordinatere: Kufuta ao Kuchunga?



Swali la leo limetoka kwa mama mmoja, mjane. Mume wake alikuwa katibu wa kanisa kwa miaka mingi. Aliacha nyumbani ordinatere ya mezani, na ndani yake kuna programu nyingi ambazo hakuna anayezifungua tena. Watoto wanasema tufute zote, mashini imekuwa nzito. Mama anaogopa. Anauliza kama kufuta ni kutupa kazi ya baba yao. Labda wengine wataona hili si neno la redio ya kanisa. Sisi tunaona ni neno la uwakili: kitu kilichoachwa mikononi mwetu, tukitunze namna gani?

Mnaukumbuka mtini wa Luka 13. Mwenye shamba alitafuta matunda miaka mitatu akakosa, akaamuru ukatwe, maana uliharibu udongo bure. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja tu, aupalilie na kuutilia mbolea. Hakuomba uachwe milele. Aliomba muda wenye mwisho, na katika muda ule alikuwa na kazi ya kufanya.

Basi, programu ya zamani inaharibu udongo? Inategemea. Ile iliyolala kabisa inachukua nafasi kwenye disiki tu, na disiki isipokaribia kujaa, mwendo wa mashini haubadiliki. Zinazosumbua ni zile zinazojiwasha zenyewe kila mara ordinatere inapowaka. Zinakula memori, na tukiunganisha mashini na simu kwa ajili ya intaneti, zinakula mega tulizonunua kwa feza yetu. Mtu anayengojea umeme siku nzima hawezi kupenda kungojea tena mashini iamke.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Programu WinRAR, ambayo wengi tunayo kwa kufungua mafaili yaliyobanwa, ilikuwa na kipande kidogo cha kufungulia mafaili ya aina ya ACE. Karibu hakuna aliyetumia ACE tena. Mwaka 2019 wataalamu wa usalama walitangaza kwamba kipande kile kilikuwa na tundu lililokaa humo miaka 19 hivi, na mtu mbaya angeweza kupitia hapo kuingiza programu yake. Wenye WinRAR hawakuweza kukitengeneza, kwa sababu hawakuwa na maandishi yake ya asili. Wakakiondoa kabisa. Vilevile Flash Player: Adobe waliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na wao wenyewe wakawaomba watu waiondoe. Kama iko bado kwenu, huo mtini umekwisha kupewa mwaka wake. Ukateni.

Antivirusi iliyokwisha muda nayo tunaiweka hapo. Ni mlinzi aliyelala mlangoni na kofia kichwani, na wenye nyumba wanalala pia wakijua kuna mlinzi.

Lakini watoto wasikimbie. Katika Mathayo 13 Bwana alifundisha juu ya magugu na ngano: ukiyang'oa kwa haraka, unang'oa na ngano, maana mizizi imeshikana. Ndani ya Windows mizizi imeshikana kweli. Mtaona katika orodha majina kama « Microsoft Visual C++ », pengine mara tano ao sita, kila moja na mwaka wake. Yanafanana na takataka. Kumbe ni vipande ambavyo programu zingine zinavitegemea, na mkiviondoa, ile mnayoitumia kila siku inaweza kukataa kufunguka. Programu ya printa ni vilevile. Jina msilolijua, liacheni mpaka mumpate anayelijua.

Sasa tufike kwa baba yao. Mama ametuandikia kwamba orodha ya wabatizwa na hesabu za sadaka ziko katika Microsoft Works, programu iliyoachwa na Microsoft zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mama, programu ni kitu kimoja, na maandiko ya baba ni kitu kingine. Kwa kawaida ukiondoa Works, mafaili yake yanabaki. Shida ni kwamba yanabaki kama barua ya lugha isiyo na msomaji nyumbani. Kwa hiyo programu hii ipewe mwaka wa mtini, ao hata mwezi mmoja. LibreOffice haiuzwi, ni ya bure, na inafungua mafaili mengi ya Works. Kijana mmoja ayafungue moja moja, ayaandike upya kwa aina ya kisasa na kwa PDF, kisha ayaweke kwenye kle mbili za USB. Kle moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa wazee wa kanisa, maana majina yale ni ya kanisa zima. Orodha ya wabatizwa ichapwe pia kwenye karatasi. Sisi bado tunaamini karatasi.

Wakati wa kuondoa, msitupe dosie ya programu kapuni kwa mkono, maana mabaki yanabaki ndani. Piteni kwenye orodha ya programu na mbonyeze « Désinstaller ». Ondoeni moja, zimeni, washeni, mtumie siku mbili tatu, ndipo mwende kwa ingine.

Na mama, juma hili msifute kitu. Mwiteni kwanza katibu wa sasa, akae na ninyi mbele ya mashini, asome majina yale kwa sauti. Pengine kuna wabatizwa ambao daftari la kanisa haliwajui.