Somo la 12: Tabia ya Mtu Huonekana Lini?



Wasikilizaji wapenzi, leo twauliza: Tabia ni nini? Si jina jema tulilo nalo kijijini, wala mavazi safi ya siku ya Dominika. Tabia ni yale tuyatendayo mara kwa mara bila kulazimishwa, hata yakawa kama ngozi ya mwili wetu.

Tumtazame kijana mmoja wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi ya serikali ya kukagua bidhaa zipitazo mpakani. Vikaletwa vyakula vilivyooza. Akapewa fedha ili aviache vipite, akakataa. Tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye maiti yake ikaonekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma.

Je, ushujaa huo ulizaliwa siku ile mpakani? Sivyo. Kwa miaka kadhaa, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa akiwaendea watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, na kuwasaidia wapate kusoma. Basi alipoletewa chakula kibovu, aliwafikiri wale ambao wangekila. Jaribu halikumpa tabia mpya. Lilifunua ile aliyokwisha kuijenga.

Nasi je? Twapenda kusema: «Mimi si mwizi, ni njaa tu iliyonishika.» Lakini muuzaji apunguzaye kipimo cha unga, mwalimu auzaye pointi, karani adaiye matabishi, kila mmoja anajijenga bila kujua. Leo ni kidogo. Kesho mkono wazoea. Siku ya jaribu kubwa moyo hauna nguvu ya kukataa.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa hiyo wazazi, anzeni mapema na watoto wenu. Wala aliyekomaa asikate tamaa: kwa neema ya Mungu, nia ngumu hulainika, naye aliyeiba aweza kurudisha.

Swali: Tabia njema hujengwa lini?

Jibu: Hujengwa kila siku katika mambo madogo, nayo hujulikana siku ya jaribu.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize: Leo nimejenga nini?

Mungu awabariki.