Kiapo cha Askari

Nyinyi mlioko Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, fungueni madaftari yenu. Neno letu la leo ni KIAPO. Lisomeni pamoja: ki-a-po.

Kwanza nawapa mfano wa nyumbani. Mzee mmoja wa Ugogo amewakabidhi vijana ng'ombe wake, na mikuki ya kufukuzia fisi. Posho ya vijana haitoshi. Je, wana haki ya kunung'unika? Naam, wanayo. Je, wana haki ya kumgeuzia mzee mikuki ile ile? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Sasa sikilizeni habari ya kweli. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi lililokuwa sehemu ya King's African Rifles likaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, lakini maofisa wengi walibaki kuwa Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa mdogo. Askari wengi waliona kuwa uhuru umeishia langoni mwa kambi.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, waliasi. Waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na silaha. Walitaka mambo mawili: mshahara upandishwe, na Waafrika washike nafasi za maofisa Waingereza. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao. Maofisa Waingereza wakapelekwa Nairobi kwa ndege. Mjini maduka yaliporwa, na watu wakafa. Kesho yake wakaasi askari wa Tabora, mji ulioko kwenye reli hii hii ipitayo Dodoma. Siku chache baadaye, askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao wakaasi.

Serikali haikuwa na jeshi jingine. Mwalimu Nyerere ikambidi aombe msaada Uingereza. Tarehe 25 Januari askari wa Kiingereza waliteremka Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Waasi wakanyang'anywa silaha, na baadhi yao wakafa. Fikirini uchungu wake. Nchi ina miaka miwili tu tangu ipandishe bendera yake, nayo inamwita mtawala wa jana aje kuilinda na askari wake yenyewe! Mwalimu aliona kuwa ni aibu kubwa.

Basi, nani alimsaliti mwenzake? Tusihukumu upesi. Madai ya askari yalikuwa na sababu. Mtu aliyeahidiwa uhuru hawezi kufurahi akiona kwake hapana kilichobadilika. Mkubwa asiyesikiliza manung'uniko ya wadogo hupanda mbegu ya uasi. Lakini bunduki si mali ya askari. Imenunuliwa kwa kodi ya mkulima wa uwele na mfugaji wa ng'ombe. Mkulima naye ana shida zake, lakini hana bunduki ya kudaia haki yake. Askari akiielekeza bunduki kwa nchi, amevunja ahadi aliyompa mkulima huyo.

Jeshi la zamani lilivunjwa. Askari wa Nigeria wakaja kusaidia ulinzi kwa muda. Vijana wapya waliandikishwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, Mtanzania. Kambi ya Colito baadaye ikaitwa Lugalo, kukumbuka mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Na jina la jeshi jipya lina maana: ni la wananchi, si la mfalme wa mbali.

Turudi kwa mzee wetu wa Ugogo. Vijana wanatakiwa kusema shida yao waziwazi, na mzee anatakiwa kuisikia kabla usiku haujaingia. Wasipofanya hivyo, atakayefurahi ni fisi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Askari walitaka mambo gani mawili?
2. Kwa nini kuwaita Waingereza kulikuwa aibu?
3. Mtu mwenye kiapo akidhulumiwa, afanye nini?

Swali la tatu jadilianeni, kisha kila mmoja aandike sentensi mbili kwa mkono wake mwenyewe.