Kuijua Pua Kabla ya Kuchomelea Chasisi ya Gari la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Mkoa wa Singida)



Msimu wa mavuno unapowadia, gari la Chama halina siku ya kupumzika. Alizeti hungoja kuchukuliwa Iramba, Mkalama na Ikungi, na vitunguu havivumilii kukaa ghalani. Barabara kuu za mkoa zina lami siku hizi, lakini mazao hayalimwi kando ya lami. Huchukuliwa katika njia za vijijini zenye makorongo na mawe, ambako gurudumu moja huzama huku jingine likiinuka, na lori zima hujinyonga pamoja na shehena yake. Mnyongo huo hubebwa na chasisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari.

Siku chasisi inapopata ufa, haraka hutawala. Magunia yamo ghalani, mnunuzi anangoja, na dereva anasema kwamba fundi wa kuchomelea yupo karibu na kazi ni ya saa mbili tu. Katika saa hizo mbili Chama huweza kuliokoa gari au kulipoteza, pengine pamoja na watu waliomo. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la katibu kwa fundi lisiwe la bei. Liwe hili: "Chasisi hii ni ya pua ya namna gani?"

Aina za pua

Pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo sana, na mara nyingine na madini mengine. Tofauti ndogo ya kaboni, au ya namna pua ilivyopashwa moto kiwandani, hubadili tabia yake yote. Katika magari aina tatu za pua ya chasisi zafaa kutofautishwa.

Ya kwanza ni pua laini, yenye kaboni isiyozidi robo ya asilimia moja. Ni ndugu ya vyuma vya pembe vitengenezavyo madirisha na milango. Hupatikana katika magari mengi madogo na katika tela nyingi zinazoundwa karakanani. Huanza kuacha umbo lake ikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba. Hii hukubali kuchomelewa bila matata mengi.

Ya pili ni pua ya nguvu, iliyotiwa kiasi kidogo cha madini kama niobi, vanadi au titani. Uwezo wake aghalabu huwa kati ya nyutoni 350 na 550. Huchomeleka, lakini kwa kiasi cha moto kilichopimwa na kwa vijiti vilivyo sawa na nguvu yake.

Ya tatu ni pua iliyopikwa. Kiwandani hupashwa moto hata ikawa nyekundu, hupozwa ghafula, kisha hupashwa tena kwa moto wa chini ili isiwe na wepesi wa kuvunjika. Uwezo wake hufika nyutoni 750 na zaidi, na hutumika katika baadhi ya malori makubwa. Hapa ndipo penye hatari. Nguvu ya pua hii imetokana na moto, na moto usio na kipimo huiondoa. Fundi anapochomelea, sehemu iliyo kando ya mshono hulegea. Gari hurudi kazini, na baada ya safari kadhaa ufa mpya huonekana ubavuni mwa mshono. Watu husema, "Tazameni, mshono wa fundi haukukatika!" Ni kweli haukukatika, kilichokatika ni chasisi aliyoiunguza.

Kiraka cha springi

Kuna desturi ya kuchukua jani la springi kuukuu na kulichomelea juu ya ufa, kwa fikira kwamba chuma kigumu kitashika zaidi. Desturi hii yapasa iachwe. Pua ya springi kwa kawaida ina kaboni ya nusu ya asilimia moja au zaidi. Ikichomelewa na kupoa upesi, ukingo wake hugeuka mgumu na wenye kuvunjika kama kigae. Ufa huanzia hapo, kisha huingia katika chasisi yenyewe.

Ugumu si uimara, na somo hili limelipiwa kwa gharama kubwa duniani. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu kukatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini katika maji matulivu huko Portland, Marekani. Ilikuwa imeungwa kwa kuchomelewa badala ya ribiti. Wengi walilaumu uchomeleaji, na kasoro za mshono zilikuwapo; lakini utafiti wa miaka hiyo, ukiwamo wa Constance Tipper wa Cambridge, ulionyesha kwamba pua ya meli za namna ile yenyewe ilikuwa ikipoteza unyumbukaji wake katika baridi. Aidha, katika meli ya ribiti ufa huweza kukoma mwisho wa bamba, bali katika meli iliyochomelewa huendelea kupita. Basi mshono hauwezi kuwa bora kuliko pua iliyo kando yake.

Namna ya kuitambua

Kwanza, isomwe. Kitabu cha gari, na kibandiko kilicho juu ya chasisi au mlangoni, mara nyingi hueleza kama kutoboa au kuchomelea kumekatazwa. Kama kitabu kimepotea, namba ya chasisi iliyo katika kadi ya gari ipelekwe kwa wakala wa kampuni iliyoliunda. Hili ndilo jibu la kutegemewa kuliko yote.

Pili, itazamwe. Ikiwa mwundaji ameunga vyuma vyote vya kukingama kwa bolti na ribiti, bila mshono hata mmoja, hiyo ni dalili ya kutahadhari. Si ushahidi kamili, kwani hata pua laini huungwa hivyo.

Tatu, ijaribiwe kwa tupa. Fundi apitishe tupa moja juu ya chuma cha pembe anachokijua kuwa laini, kisha mwishoni kabisa mwa chasisi, mbali na mahali penye mzigo. Tupa ikiuma pembe lakini ikateleza au kuuma kwa shida juu ya chasisi, pua hiyo si laini.

Nne, zitazamwe cheche za jiwe la kunolea. Pua laini hutoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache. Pua yenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kama nyota. Fundi alinganishe vipande vitatu mahali penye kivuli: chuma cha pembe, jani la springi, na chembe ya chasisi. Jiwe lisiguse kingo za juu na za chini za chasisi, kwa kuwa mkwaruzo wa hapo huwa chanzo cha ufa.

Sumaku haisaidii, kwani huzishika pua zote tatu. Tena cheche huonyesha habari ya kaboni tu. Hazionyeshi kama pua ilipikwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: penye shaka, chasisi ihesabiwe kuwa imepikwa, na moto usiikaribie. Shehena ishushwe, na kipande cha kuimarisha kifungwe kwa bolti katika matundu yaliyopo, kwa maelekezo ya mwundaji, au upande mzima ubadilishwe. Mjini Singida kuna chuo cha VETA, na SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mkoani. Fundi asiye na hakika aulize huko kabla ya kuwasha mashine.

Ikithibitika kuwa yachomeleka

Betri na oltaneta zifunguliwe nyaya, na vifaa vya elektroniki vichomolewe. Tangi la mafuta na mabomba ya breki vilivyo karibu viondolewe. Waya wa ethi ufungwe karibu na mshono, umeme usipite katika beringi wala springi.

Mwisho wa ufa utobolewe kwa keekee ili usiendelee, kisha ufa uchongwe hadi chini. Vijiti viwe vya haidrojeni kidogo, kama vile 7018, navyo viwe vikavu. Vilivyokaa wazi wakati wa masika vikaushwe upya kama boksi lake linavyoeleza. Mshono upoe wenyewe. Maji yasimwagwe, wala gunia bichi lisiwekwe. Kiraka kiwe cha pua inayofanana na chasisi, ncha zake zichongwe mshazari, na mishono isikingame juu ya kingo za juu na za chini.

Wajibu wa Katibu

Katibu si fundi, wala hatakiwi kushika tupa. Wajibu wake ni kuuliza na kuandika. Katika daftari la gari zionekane tarehe, mahali pa ufa, aina ya pua na namna ilivyotambuliwa, vijiti vilivyotumika na jina la fundi. Malipo yasitolewe kabla ya maelezo hayo kujazwa. Ufa ukirudi, Halmashauri itajua pa kuanzia.

Nao wanachama wana sehemu yao. Ufa mwingi huanza kwa magunia yaliyoongezwa juu ya kipimo, kwa bolti zilizolegea, na kwa matundu yaliyotobolewa ovyo ili kufungia bodi. Mwanachama anayemsihi dereva apakie gunia moja zaidi, na katibu anayemhimiza fundi amalize kabla ya jua kuchwa, wote wawili huikaribisha ajali njiani. Siku moja ya kuijua pua ni nafuu kuliko msimu mzima bila gari.