Dawa za ARV na Macho: Kinachookolewa na Kisichorudi

(Nakala ya mazungumzo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii na vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi)



Mtu anapopatikana na virusi vya ukimwi, hofu yake ya kwanza huwa kifua kikuu, kuhara au kukonda. Macho hayatajwi sana. Hata hivyo, kinga ya mwili inapodhoofika, macho nayo hubaki bila mlinzi. Dawa za ARV humrudisha mlinzi huyo. Lakini zikichelewa kuanza kumezwa, kuna madhara ambayo haziwezi kuyaondoa.

Kinga hupimwa kwa kuhesabu seli za CD4. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na seli 500 au zaidi katika kila mikrolita ya damu. Zinaposhuka chini ya 50, kirusi kiitwacho saitomegalo, ambacho watu wengi wanacho mwilini bila kudhurika, hupata nafasi ya kushambulia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ugonjwa huu hauumi. Mgonjwa huona vidoti vinavyoelea, mwanga unaomulika ghafla, au sehemu ya kitu anachokitazama inafunikwa na giza. Kwa kuwa hakuna maumivu, wengi huchelewa kwenda hospitalini.

Nchini Marekani, kabla ya mwaka 1996, karibu watu 3 kati ya 10 waliokuwa na UKIMWI walipata ugonjwa huu. Tiba ya kuchanganya dawa kadhaa za ARV ilipoanza kutumika, wagonjwa wapya walipungua kwa zaidi ya nusu. Kinga iliporudi, mwili wenyewe ulikizuia kirusi hicho. Hata hivyo, sehemu ya retina iliyokwisha kufa haioti tena. Ndiyo maana tarehe ya kuanza dawa ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Ugonjwa wa pili ni mkanda wa jeshi wa usoni. Malengelenge hutokea upande mmoja wa paji la uso, yakiambatana na maumivu makali. Yakionekana pia kwenye ncha ya pua, hiyo ni dalili kwamba huenda jicho nalo limeguswa. Mgonjwa huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa kijana, apimwe virusi vya ukimwi ikiwa hajui hali yake.

Wa tatu ni saratani ya utando wa juu wa jicho. Huanza kama kinyama kidogo kwenye weupe wa jicho, na huwapata zaidi wanaoishi na virusi na wanaopigwa na jua kali. ARV pekee hazikiondoi kinyama hicho. Hukatwa na daktari wa macho kisha hupimwa maabara. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa matone ya fluorourasili baada ya upasuaji husaidia sana: saratani ilirudi kwa wagonjwa 5 kati ya 47 waliopewa matone hayo, ikilinganishwa na 17 kati ya 47 waliopewa matone yasiyo na dawa.

Kuna jambo linalozua uvumi vijijini. Baadhi ya wagonjwa, hasa waliokuwa na maambukizi ya retina, huanza ARV na baada ya wiki au miezi jicho likaingia ukungu. Majirani husema dawa zinapofusha. La hasha. Kinga iliyokuwa imelala imeamka na kupigana na mabaki ya ugonjwa, na vita hivyo huleta uvimbe ndani ya jicho. Uvimbe huo hutibiwa. Anayeacha ARV kwa hofu hiyo hufungulia mlango magonjwa mengine, na huweza kupoteza macho na uhai pia.

Anayetibiwa kifua kikuu naye awe macho. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, huweza kudhuru neva ya jicho. Rangi nyekundu na kijani zikianza kumchanganya, au uoni ukififia, amwone mhudumu mara moja bila kukatiza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wahamasishaji, mnapozuru nyumba, waombeni wagonjwa wafunike jicho moja, watazame mlangoni, kisha wabadilishe. Jicho zima huficha kasoro ya mwenzake. Waonyeni wasinunue matone ya macho dukani bila kuandikiwa, kwani yenye steroidi huweza kuzidisha maambukizi. Wakumbusheni kumweleza mhudumu tatizo lolote la macho kabla ya kuanza ARV.

Tangu mwaka 2016, mwongozo wa Kenya unataka kila anayepatikana na virusi aanzishiwe matibabu bila kusubiri CD4 zishuke. ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Anayepimwa mapema, akameza dawa kila siku na kuhudhuria kliniki, ana nafasi kubwa ya kuzeeka akiwaona wajukuu wake.