Sauti Zilizoko Kati ya Vitufe



Muziki wa kompyuta hulaumiwa kwamba hauna roho. Lawama hiyo siikubali kwa sababu haielezi kitu; mwulize mlalamikaji roho hiyo ilikaa sehemu gani ya fidla, uone kama atakujibu. Kinachopungua kinaweza kupimwa. Ni zile sauti zilizoko kati ya kitufe kimoja na kingine, na zilipunguzwa mwaka 1983 na uamuzi wa watu waliokuwa na sababu nzuri za kuamua hivyo.

Niwaeleze kwanza wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya programu za kutengenezea muziki kama FL Studio au Cubase. Ala ya kompyuta, tunayoiita plagini, ni programu ndogo inayoishi ndani ya programu kubwa. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilifungua mlango huo mwaka 1996 kwa utaratibu wa VST, na mwaka 1999 ikauwezesha kubeba ala zenyewe, maana mwanzoni ulibeba mwangwi na madoido mengine tu. Programu kubwa huidai ndogo sampuli za sauti kwa mafungu, tuseme 256 kwa mara moja. Kwa kuwa sekunde moja ya sauti kwa kawaida huwa na sampuli 44,100, plagini inabaki na milisekunde 5.8 hivi za kukokotoa. Ikichelewa, spika hukwaruza. Kila prodyuza aliyeanzia kwenye kompyuta mkweche anaujua mkwaruzo huo.

Ndani ya muda huo mfupi plagini inaweza kukokotoa mtetemo wowote. Uwe 440 kwa sekunde, uwe 440.37, kwake ni tarakimu tu. Mashine yenyewe haina upendeleo kwa piano.

Upendeleo huingia kupitia MIDI, lugha iliyotokana na ule uamuzi wa 1983, ambayo vinanda na kompyuta huongea. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani walitaka sintesaiza za makampuni yanayoshindana ziunganishwe kwa waya wa bei ndogo. Walifaulu mno, hata leo bado tunaitumia. Lakini ujumbe wa MIDI hautaji mtetemo. Hutaja namba ya kitufe, kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya kidole. Namba 60 ni Do ya katikati, 61 ni inayofuata. Hakuna 60 na nusu.

Sasa mleteni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Upande wa kushoto wa ala yake kuna vidude vidogo vya chuma ambavyo huviinua na kuvishusha ili sauti ya nyuzi ibadilike kwa kiasi kidogo kuliko nusu-toni. Anavihitaji, kwa sababu noti ya tatu ya Rasti, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, hukaa katikati ya namba mbili za MIDI. Udi na fidla hazina taabu hiyo. Kidole huteleza tu. Tusiisingizie kompyuta, hata hivyo. Kodiani iliingia katika okestra za taarab kabla yake, na kodiani nayo ina vitufe. Miaka ya 1990, vikundi vya modern taarab kama East African Melody vilipokiweka kinanda cha umeme mahali pa okestra nzima, sababu zilieleweka: watu wachache, gari dogo, mgao unaotosha. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vina vitufe vya kushusha robo toni. Plagini nyingi hazina.

Hali ya ilimba, ala ya vidole gumba ya Wagogo wa Dodoma, inanikera zaidi. Waliomsikia marehemu Hukwe Zawose akiipiga wanaijua. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik ameeleza kwamba Wagogo huzijenga sauti zao juu ya harmoniki, yaani zile sauti zinazopanda kwa uwiano wa namba kamili juu ya msingi mmoja. Tukiigawa oktava senti 1,200, harmoniki ya saba huangukia senti 969. Kitufe cha piano kilicho jirani kiko 1,000. Tofauti ya senti 31 ni karibu theluthi ya nusu-toni, na sikio la kawaida huisikia. Ndiyo maana biti zenye plagini ya “kalimba” humeremeta vizuri kabisa, na Dodoma haimo.

Walioliruka tatizo hili bila mkutano wala ruzuku ni vijana wa muziki wa singeli. Muziki wa mchiriku ulishawatangulia kwa kuvibana vinanda vidogo vya Casio hadi vikalia namna ambayo mtengenezaji hakuiwazia. Singeli ya Manzese, Tandale na Mburahati, Dar es Salaam, ambayo wengi nje ya nchi waliifahamu kwa albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017, ilichukua vipande vya taarab ikaviendesha kupita mapigo 200 kwa dakika. Tazameni hesabu yake. Ukiiharakisha rekodi kutoka mapigo 120 hadi 200 bila kuifunga sauti isipande, kila noti hupanda kwa uwiano wa tano kwa tatu, sawa na senti 884. Piano haina kitu hapo, ina 900. Na robo toni ya fidla iliyokuwemo husafiri nzima nzima, kwa kuwa rekodi haikupitishwa kwenye namba za MIDI. Sidhani kama kuna aliyekaa Mburahati akikokotoa logi. Sikio lilikubali, ngoma ikachezeka.

Anayetaka kutunga upya, badala ya kukata vipande, ana njia pia. MIDI inaweza kupinda sauti kwa hatua 16,384, ila hupinda noti zote za chaneli moja kwa pamoja. Ndiyo maana utaratibu wa MPE, uliopitishwa mwaka 2018, huipa kila noti chaneli yake. Rahisi zaidi ni faili la Scala, maandishi matupu yanayoorodhesha noti kwa senti, jepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Surge, sintesaiza isiyolipiwa ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2018, hulisoma.

Mafaili yenyewe ndiyo haba, na hapo chuo chetu kinahusika. Napendekeza tuwatume wanafunzi Dodoma, Bagamoyo na Zanzibar na maikrofoni na laptopu, wapime ilimba, zeze na kanuni, moja baada ya nyingine, wakiandika jina la fundi aliyeiunda na la mpigaji aliyeridhika nayo. Mtafiti Hugh Tracey alifanya upimaji wa namna hii kwa uma za sauti. Leo simu inatosha. Prodyuza apewe faili bure. Fundi alipwe.

Mwenzangu mmoja amekwisha nionya kwamba ilimba mbili za kijiji kimoja hazilingani, kwa hiyo ipi ndiyo sahihi? Swali hilo wapigaji hawajawahi kulihitaji. Zisipolingana tutahifadhi mafaili mawili, kila moja na jina la mwenyewe, na prodyuza atachagua kwa sikio kama anavyochagua kiki na besi.