Kila Kata Iwe na Msaidizi wa Kisheria

Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka

  

Tumezoea kuchangia madawati, mabati na saruji. Mwaka huu tunaleta ombi la aina nyingine. Tunaomba tusomeshe vijana wetu astashahada ya sheria, ili wakae vijijini wakiwa wasaidizi wa kisheria.

Kwa nini sasa? Ardhi ya nyumbani imepanda thamani. Rungwe inatafutwa kwa parachichi, Mufindi kwa miti ya mbao, Mbarali kwa mpunga. Pesa ikiingia shambani, ugomvi huifuata. Simu tunazopigiwa huku mjini tunazijua sote: baba mdogo kauza shamba la marehemu, mjane kaambiwa arudi kwao, mpaka umesogezwa usiku.

Sheria za kuwalinda watu wetu zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na katika wajumbe 7 wa Baraza la Ardhi la Kijiji inataka wanawake 3. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Kinachowapoteza watu wetu ni njia. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, linatoa uthibitisho, na ndipo shauri linapokelewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani. Asiyeridhika na uamuzi wa wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kwa shauri la Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Mama asiyejua hesabu hizi anaweza kuwa na haki yote na bado akashindwa, kwa sababu alikuwa anasubiri mavuno apate nauli.

Hapo ndipo wakili kishoka anapopata riziki. Anaandika karatasi isiyo na kichwa wala miguu, anachukua hela ya mbuzi, kisha hapatikani kwenye simu.

Msaidizi wa kisheria ni kitu kingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua, na Wizara ya Katiba na Sheria ina Msajili wa huduma hizo. Kazi yake ni kuelimisha wananchi, kuwaonyesha chombo sahihi cha kwenda, kuwasaidia kupata nyaraka, na kuwashauri wagombanao wapatane inapowezekana. Huduma hiyo ni bure. Hasimami mahakamani kama wakili. Anayetaka uwakili lazima apate shahada, kisha apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Msaidizi mzuri anajua mpaka wa kazi yake, na jambo likimzidi anampeleka mtu kwa wakili.

Masomo hayako mbali. Sheria inafundishwa Iringa mjini, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha. Mbeya ipo kampasi ya Mzumbe. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto nacho hutoa astashahada. Na kujifunza hakuishii darasani. Mwanafunzi wetu akiwa likizo akae kwenye mabaraza ya kata, asikilize, aone jinsi maneno ya shahidi yanavyoandikwa.

Wapo wanaouliza: tukiwasomesha, si watabaki mjini? Swali ni la haki. Ndiyo maana tunapendekeza wanafunzi wachaguliwe na mkutano wa kijiji, si na sisi tulioko mbali. Wachaguliwe watu ambao tayari wana shamba na familia pale, wenye sifa za kupokelewa chuoni, na ambao majirani wanawaamini kutunza siri. Katika kila wawili, mmoja awe mwanamke, maana yapo mambo ambayo mjane hatamweleza kijana wa kiume.

Mchango wenu utalipa ada, chumba, chakula na vitabu. Baada ya masomo utalipa nauli ya kuzunguka vitongojini, kwa sababu huduma ya bure bado ina gharama, na asiyepewa nauli hushawishika kuomba chochote kwa mwenye shida. Risiti zote zitasomwa mbele yenu mwakani.

Ndugu zetu, darasa tulilojenga litasimama. Lakini mtoto ambaye mama yake amefukuzwa shambani hatakuwa na ada wala daftari la kuingia nalo humo. Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina. Tunaomba asiondoke mtu kabla ya kuijaza.