Kijana Anaporudi Shambani
Mwaka 1971 vijana wapatao 300 wa Marekani, wenye nywele ndefu, waliochoshwa na maisha ya mjini, walitoka San Francisco kwa mabasi wakaenda Tennessee kulima. Wakanunua ardhi, wakapanda soya, wakaishi kijamaa. Nia walikuwa nayo; ujuzi ulikuwa haba. Madeni yakawaelemea, hata mwaka 1983 wakavunja mfuko wa pamoja. Wengi wakaondoka, wachache wapo mpaka leo.

Basi, ndugu mzazi, mwanao akirudi kutoka mjini akasema anataka kulima, usimcheke. Wala usimkabidhi shamba zima siku hiyo hiyo. Mpe robo eka, jembe na daftari la hesabu. Msimu mmoja utamfundisha yeye, nawe utamjua. Kwaherini.